Je, wajua kwa nini pampu ya maji ya gari ina kitundu cha kuvuja?

Mwenye gari la miaka mingi mjini Malindi huweza kuamka asubuhi akakuta kidimbwi chini ya injini, upande wa mikanda. Akiinama na tochi, huona tone likining'inia kwenye kitundu kilicho chini ya pampu ya maji, na wazo la kwanza linalomjia ni kukiziba. Sote tumelelewa na ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa, hata hivyo, methali hiyo haifai, kwa sababu kitundu hicho kilitobolewa kiwandani kwa makusudi.

Petroli inapoungua, takriban theluthi moja tu ya nishati yake huwa nguvu ya kusukuma gari. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka na moshi au huingia katika chuma cha injini kama joto, na joto hilo lazima lichukuliwe na maji hadi kwenye rejeta. Pampu ndiyo inayoyazungusha maji hayo. Ina shafti moja: upande wa nje imefungwa puli inayovutwa na mkanda, upande wa ndani ina mapanga madogo yaliyozama majini, na katikati imebebwa na beringi zilizojaa grisi. Kinachoyazuia maji yasizifikie beringi ni sili, yaani pete mbili, kwa kawaida moja ya kaboni na nyingine ya kauri, zilizosuguliwa hadi zikawa laini sana na kugandamizwa na springi. Pete hizo husuguana muda wote injini inapozunguka, na utando mwembamba wa maji ndio unaozilainisha. Injini ikizungushwa bila maji, sili huungua upesi.

Kitundu kiko kati ya sili na beringi. Sili inapochoka, maji yanayopenya hupata njia ya kutoka nje kabla hayajaifikia grisi, na mwenye gari hupata habari mapema. Niliwahi kuona, katika gereji ya jua kali kwenye njia ya Mambrui, pampu iliyozibwa kitundu kwa gundi ya chuma. Fundi aliizungusha shafti kwa vidole, ikasaga kama iliyotiwa mchanga, kisha akaitikisa na ukamwagika unga wa kutu mwekundu. Akamwambia mwenye gari, kwa upole, "Mzee wangu, maji yalikuwa yanakuita, nawe ukayafunga mdomo." Maji yaliyokosa njia yalikuwa yameosha grisi, beringi zikalika, shafti ikaanza kuyumba. Katika injini ambazo pampu huvutwa na mkanda wa taimingi, yaani ule unaopatanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, kuyumba huko huweza kuurusha mkanda wenyewe, na injini nyingine huishia kupinda valvu.

Lakini sili huchoka kwa nini? Umri ni sababu moja. Kwetu pwani maji tunayotia ni sababu kubwa zaidi. Maji ya bomba ya Malindi hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, lakini yakikatika watu hurudi kwenye visima, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, tena vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe. Chumvi hula aluminiamu ya pampu, na chokaa ya mwamba huo ikipata moto huganda kuwa ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, kisha vipande vyake hukwaruza pete za sili. Ndiyo maana naona ni hasara kununua pampu mpya na kuijazia maji ya kisima. Kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, ikichanganywa na maji yaliyotoneshwa kama yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, huwa na dawa ya kuzuia kutu.

Kazi ya kubadilisha pampu huanza injini ikiwa imepoa kabisa, kwani mfumo huo huwa na shinikizo na mfuniko ukifunguliwa ungali moto huunguza mtu. Bolti za puli hulegezwa kwanza, mkanda ungali umekaza, ili puli isizunguke. Pampu ikishatoka, mabaki ya gasketi kuukuu, ile inayoziba kati ya pampu na injini, yakwanguliwe kwa subira, maana mkwaruzo mmoja mrefu kwenye aluminiamu ni njia mpya ya maji. Bolti za pampu mpya zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana. Halafu heta ifunguliwe hadi mwisho wa joto, hata kama ni Februari na Malindi inatokota, ili maji yazunguke kila mahali na hewa iliyonaswa ipate kutoka.

Pampu mpya nayo huweza kudondosha matone machache mwanzoni, kabla pete za sili hazijakaana vizuri. Yakiendelea baada ya siku kadhaa za kuendesha, pampu hiyo irudishwe dukani.