Je, Wajua Kwa Nini Mgongo Humshika Mchukuzi Anapookota Ndala, Si Anapobeba Gunia?

Mzee mmoja wa mtaani kwetu Kisauni, Mombasa, amebeba magunia katika soko la Kongowea kwa zaidi ya miaka 20. Viazi, vitunguu, kabeji, machungwa, chochote kinachoshuka kwenye lori. Siku mgongo ulipomshika hakuwa sokoni. Alikuwa ametoka kuswali adhuhuri, akainama mlangoni pa msikiti kuokota ndala zake, akabaki vivyo hivyo, ndala mkononi na kiuno hakinyanyuki. Vijana wawili walimshika makwapani wakamkalisha barazani.

"Babu, kwani leo umebeba nini?"

"Sikubeba kitu kizito, mwanangu. Ni ndala tu."

Watu walisema mengi siku ile. Umri, baridi ya feni, kijicho cha watu. Mimi nilibaki na swali moja: mtu aliyebeba mamia ya magunia bila kuanguka, ashindwe vipi na ndala?

Jibu linaanzia kwenye hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya. Chukua mtu wa kilo 70. Karibu nusu ya uzito huo iko juu ya kiuno: kichwa, mikono, kifua na tumbo. Tuseme kilo 35. Akiinama mpaka kiwiliwili kilale kama meza, kilo hizo 35 zinaning'inia mbele ya kiuno, kama sentimita 25 kutoka kwenye egemeo. Misuli inayomzuia asianguke kifudifudi imepita nyuma ya uti wa mgongo, na iko karibu mno na egemeo hilo, kama sentimita 5 tu. Ni mizani yenye mkono mrefu upande mmoja na mkono mfupi sana upande wa pili. Ili isipinduke, upande mfupi lazima uvute mara tano zaidi. Misuli ya kiuno inavuta kwa nguvu ya kama kilo 175, na mvuto huo wote unazibana pingili za chini za uti wa mgongo. Ndala yenyewe ni gramu chache. Kinachonyanyuliwa ni mwili wa mwenyewe.

Mpe sasa mtu huyohuyo dumu la maji la lita 20, alichukue chini mikono ikiwa imenyooka mbele, sentimita 50 kutoka kiunoni. Kilo 20 hizo zinadai nyingine 200 kutoka kwa misuli. Jumla inapita 350, na hapo ndipo NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, ilipoweka mpaka wa tahadhari kwa msukumo juu ya kiuno: nyutoni 3,400, yaani kama kilo 350. Muuza maji anayejaza mkokoteni kwa madumu 20 anaupita mpaka huo mara 20 kabla hajaanza hata kusukuma.

Na gunia? Tazama wachukuzi wanavyofanya kazi. Gunia zito mtu halinyanyui peke yake kutoka chini. Hutwikwa. Wenzake wawili humwekea begani au mgongoni, naye hukaza tumbo, huvuta pumzi akaishika, hutafuta mahali pa kukanyaga, ndipo aondoke. Mzigo uko juu ya uti wa mgongo au karibu yake, kwa hiyo mkono mrefu wa ile mizani umefupika, na misuli yote imeamka inangoja. Mbele ya ndala hakuna aliyekaza tumbo. Mwili unainama kama umelala, msuli mmoja unachelewa kidogo tu, pingili inateleza zaidi kidogo tu kuliko inavyotakiwa, na kano au diski (mto ulio kati ya pingili) iliyokwisha kuchoka inapata jeraha.

Neno hilo, "iliyokwisha kuchoka", ndilo lenye kisa chote. Ndala haikumvunja mzee yule. Ilimkuta amekwisha kuliwa na miaka.

Kati ya pingili na pingili kuna diski, mto wa gegedu wenye ute mzito katikati, unaofyonza maji. Ukiwa umesimama au umebeba, maji hukamuliwa kidogokidogo kutoka ndani yake. Ukilala, huyanywa tena. Ndiyo maana kila mtu huamka akiwa mrefu kuliko alivyolala, kwa kama sentimita moja hivi. Lakini diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake huingia kwa kupenyeza kutoka kwenye mifupa iliyopakana nayo, polepole mno. Msuli ukichanika kidogo, damu hufika na ndani ya siku au wiki chache unapona. Diski ikipata ufa, ukarabati wake huenda kwa mwendo wa kobe, na hali mwenyewe keshokutwa yuko sokoni tena.

Kunja waya wa chuma mara moja, haukatiki. Ukunje na kuukunjua mara mia mahali palepale, utakatika kwa nguvu ya vidole viwili. Ule mkunjo wa mwisho ndio unaolaumiwa, ilhali hauna nguvu kuliko wa kwanza.

Kano nazo zina tabia yao. Mtu akikaa ameinama kwa muda mrefu, kano za nyuma ya uti wa mgongo hunyooka na kulegea, mfano wa mpira wa suruali ya zamani. Zikilegea, taarifa zinazopeleka kwenye misuli kwamba kiuno kimepinda kupita kiasi huchelewa. Kulegea huko hakuondoki papo hapo ukisimama. Huchukua saa nyingi. Mchukuzi aliyeshinda ameinama akipanga vitunguu huondoka sokoni na kiuno kisicho na mlinzi, na huenda nacho hivyo msikitini, nyumbani, chooni.

Alfajiri kuna hatari ya namna nyingine. Malori ya mboga huingia Kongowea kukiwa bado giza, na wachukuzi huwa pale muda mfupi tu baada ya kuamka. Wakati huo diski zimejaa maji, zimevimba na kukaza, na kuinama huzitia mkazo mkubwa kuliko mchana. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Stover Snook walichapisha utafiti wao juu ya watu wenye maumivu sugu ya mgongo, ambao walifundishwa kuepuka kuinama saa za kwanza baada ya kuamka. Maumivu yao yalipungua. Kwa mchukuzi wetu ushauri huo ni mgumu, maana saa zake za kwanza ndizo saa za riziki. Ila hata kutembea kwa miguu kwenda sokoni badala ya kushuka kitandani na kuingia moja kwa moja chini ya mzigo kunaipa diski nafasi ya kupunguza maji.

Nisiwasahau kina mama, maana mgongo wa mwanamke hautajwi mpaka uwe umepinda. Mbuzi ya kukunia nazi ni kigoda kifupi sana. Mama anayepika kwa biashara, nazi 10 au 20 kwa siku, hukaa juu yake magoti yakiwa karibu na kifua, kiuno kimekunjika, na kiganja kinazungusha kifuu mara mamia. Hapo kinachochoka si kiuno peke yake. Kano za kifundo cha mkono husuguana ndani ya mifuko yake mpaka zikavimba, na neva inayopita katikati ya kifundo ikibanwa, vidole hufa ganzi usiku. Fagio la chelewa nalo humlazimisha afagie uwanja mzima akiwa amepinda, ilhali mti wa mita moja uliofungwa kwa kamba ungemsimamisha. Jambo dogo hilo linaniuma, maana mti haununuliwi.

Bandarini Kilindini mambo yamebadilika kwa namna inayofundisha. Zamani makuli walibeba magunia kwa mabega kutoka melini. Makontena na winchi kubwa vikaja, mabega yakapumzika. Lakini dereva wa winchi ya kushushia makontena hukaa kwenye kibanda juu angani, akitazama chini kupitia sakafu ya kioo, kati ya miguu yake, saa kwa saa. Mzigo wake ni kichwa chake mwenyewe, kilo 4 au 5, kinachoning'inia mbele ya shingo. Mizani ni ileile, imehama tu kutoka kiunoni. Miaka ya 1960 daktari wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima msukumo ndani ya diski za watu walio hai kwa sindano maalumu, akakuta kwamba kuketi bila kuegemea kunaibana diski kuliko kusimama. Dereva wa tuktuk na fundi cherehani wa pale Marikiti wasidhani wamenusurika kwa kuwa wamekaa.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni huu: piga magoti, nyoosha mgongo, shika mzigo karibu na mwili. Hilo la kushika karibu ni kweli kabisa, hesabu ya juu imelionyesha. Lakini watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, walipokusanya na kupima tafiti nyingi, hawakuona ushahidi kwamba kuwafundisha watu namna ya kubeba, peke yake, kunazuia maumivu ya mgongo. Mshipi wa kiunoni wanaojifunga wachukuzi haujathibitika kukinga pia. Kinachosaidia ni kuubadilisha mzigo wenyewe na kazi yenyewe: gunia dogo, meza badala ya sakafu, toroli badala ya bega, mapumziko mafupi ya mara kwa mara badala ya moja refu la mwisho wa siku.

Hapo ndipo lumbesa inaponikera. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa wavu juu yake na kujazwa tena. Watu huijadili kama dhuluma kwa mkulima, na ni kweli anadhulumiwa. Ila kuna mtu anayeitia begani. Kanuni za viazi za Kenya za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Shirika la Kazi Duniani lilikwisha kupendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Na NIOSH, kwa mzigo wa kunyanyua kwa mikono, huanzia kilo 23, tena mazingira yakiwa mazuri kabisa: mzigo uko karibu, uko kimo cha kiuno, una mshikio. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wenye kujaza lumbesa huziona hivyohivyo, nyepesi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumuumiza. Maneno mazuri. Tatizo ni kwamba mchukuzi wa Kongowea hulipwa kwa gunia, na mwenye gunia la leo si mwenye gunia la kesho. Mwajiri ni nani? Akipumzika dakika kumi, ni gunia lake ambalo mwingine amelibeba. Kwa hiyo mapumziko ambayo diski inayahitaji ndiyo mfuko wake unayakataa.

Mgongo ukikushika, mara nyingi hutulia ndani ya wiki chache, na kutembea taratibu kunasaidia kuliko kulala siku nzima. Kukandwa mafuta ya karafuu kunatuliza, hakuna ubaya. Lakini ukiona ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, mkojo au haja kubwa haizuiliki au haitoki, au mguu umekosa nguvu, usingoje mkandaji wala asubuhi. Hizo ni neva zinazobanwa, na hospitali ni usiku huohuo.

Mzee wetu alikaa nyumbani wiki tatu. Amerudi sokoni, lakini habebi tena. Anasimamia mizani ya mfanyabiashara mmoja, na husimama dakika kadhaa wima kabla ya kuondoka jioni. Msikitini haachi ndala zake chini. Huziweka juu ya baraza, na akitoka huketi hapo akazivaa.