Nati ya Ekzosi Iliyochomelewa Vibaya: Ikatwe, Isifunikwe

Katika magari ya abiria yanayoletwa kwetu hapa Kisumu kwa malalamiko ya kula mafuta, kasoro moja hujirudia: nati inayoshika sensa ya oksijeni kwenye ekzosi (kifaa kinachoieleza kompyuta ya gari kiasi cha oksijeni kwenye moshi) imezungukwa na bonge la chuma, fundi mmoja amechomelea juu ya kazi ya mwenzake. Mwenye gari akirudi gereji huambiwa, "Tutaongeza moto kidogo." Hapo ndipo pa kukataa.

Moto mpya hauponyi mchomeleo mbovu. Ndani yake mna masizi, taka za rodi ya kuchomelea na vitundu vya hewa, na vyote hubaki humo vikiwa vimefunikwa tu. Bomba lenyewe ni jembamba, mara nyingi halifiki milimita 2, na kila likipigwa moto ukingo wake huzidi kudhoofika. Ndiyo maana ufa hurudi kando kidogo ya ule wa kwanza.

Ufa huo una gharama. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 21 ya oksijeni. Moshi wa injini hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo ufa ulio karibu na sensa huvuta hewa ya nje. Sensa ikiona oksijeni nyingi, kompyuta ya gari hudhani petroli ni kidogo, nayo huongeza. Plagi zinakuwa nyeusi. Mwenye gari anauziwa plagi mpya, kisha sensa mpya, na ufa bado upo. Zito zaidi ni moshi unaopenya sakafu. Una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Abiria waliofunga madirisha kwa baridi ya kupanda Kericho wataumwa kichwa na kusinzia, wadhani ni uchovu wa safari. Gari la namna hiyo halifai kubeba mtoto wa mtu.

Kazi ianze ekzosi ikiwa imepoa, sensa imetolewa na betri imefunguliwa upande wa hasi. Nati ikatwe kwa grainda pamoja na ukingo wote ulioliwa na moto, mpaka chuma king'ae ndani na nje. Tundu likibaki kubwa kuliko nati mpya, kikatwe kipande cha bomba kiwekwe kingine. Pengo lisijazwe kwa rodi. Wapo wanaoziba kwa bomba la maji lililopakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na fundi aliyeuvuta huweza kulala na homa usiku huohuo.

Sensa nyingi hutumia uzi (mikato ya skrubu) wa kipenyo cha milimita 18, wenye hatua ya milimita 1.5 kati ya mkato na mkato. Nati ikae upande wa juu wa bomba, sensa iinuke angalau digrii 10 kutoka usawa, maji yasitulie kwenye ncha yake. Kabla ya kuchomelea, fundi afunge ndani ya nati sensa iliyokufa, ifyonze joto na kuulinda uzi usipinde. Waya wa athi wa mashine ya kuchomelea ubanwe kwenye bomba lenyewe, karibu na kazi. Kisha nati ishikwe kwa vitone vinne vinavyotazamana, na mchomeleo ufungwe vipande vifupi, upande huu halafu ule, chuma kipate nafasi ya kupoa. Anayeizungusha yote kwa mkupuo mmoja hupata mchomeleo wa kupendeza machoni na nati iliyopinda.

Vijana wa jua kali wa Kibuye, soko la hapa Kisumu, wana mikono mizuri. Wengi wao hawajapata mtu wa kuwaeleza sababu. Waliojifunzia kazini wanaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambayo ina kituo papa hapa Kisumu.

Usilipe kabla ya kupima. Paka maji ya sabuni kuzunguka nati, mwenzako apulize hewa ya kompresa polepole kupitia mdomo wa ekzosi. Mapovu yakitoka, kazi haijaisha. Na usikubali fundi apake silikoni ya kawaida ya gasketi: mvuke wake huharibu sensa. Uzi ukiwa mzima, sensa huingia kwa vidole mpaka mwisho, kisha hukazwa kwa spana kiasi cha nyutoni-mita 40. Ikigoma kwa vidole, nati imepinda, na grainda ianze upya.