Je, wajua mwanga unaweza kupima oksijeni kwenye damu ya ubongo bila kutoboa fuvu? Na namba yake inaaminika kiasi gani?

Mwanga wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 700 hadi 900 hupenya ngozi na mfupa, hugusa tabaka la juu la ubongo, na chembe yake kidogo hurudi nje. Frans Jöbsis alilionyesha hilo mwaka 1977. Chini ya nanomita 800 hivi, hemoglobini (kibeba oksijeni ndani ya damu) isiyo na oksijeni ndiyo inayofyonza zaidi. Juu ya hapo, ni ile yenye oksijeni. Kwa hiyo mashine hutuma angalau rangi mbili, tuseme 760 na 850, kisha hulinganisha kilichorudi na kutoa namba: asilimia ya hemoglobini yenye oksijeni.

Kasoro kubwa iko kwenye ngozi ya kichwa, ambayo mwanga huipita wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, nayo ina damu yake. Funga mkanda wa kubana kichwani na usomaji utashuka, ilhali ubongo haujapungukiwa na kitu. Dawa ya kupandisha presha kwa kubana mishipa huweza kudanganya vivyo hivyo. Suluhisho la kasoro hii ni vipokezi viwili vya mwanga: kimoja sentimita 3 au 4 kutoka kwenye taa, kingine karibu zaidi, ambacho huona hasa ngozi na mfupa; usomaji wa cha pili hutolewa kwenye ule wa cha kwanza. Hupunguza kosa, hailiondoi.

Halafu kuna kukisia. Mashine haitenganishi damu ya ateri (inayotoka moyoni) na ya vena (inayorudi moyoni). Nyingi huchukulia kuwa damu ni ya vena kwa asilimia 70 au 75. Ndiyo maana mashine mbili hutoa namba mbili kwa kichwa kimoja, na hata maiti zimewahi kusomeka kama watu hai! Namba moja pekee, basi, haitoshi kumhukumu mgonjwa. Kinachoaminika ni mabadiliko: mtu yuleyule, mashine ileile, kihisio palepale.

Bandika kihisio, yaani kibandiko chenye taa na vipokezi, juu ya nyusi, pembeni mwa mstari wa kati wa paji, kwani katikati kuna mfereji mkubwa wa vena. Epuka nywele na uvimbe wa damu. Ngozi iwe safi na kavu, taa za chumba zizuiwe. Andika namba ya mwanzo kabla ya dawa ya usingizi. Ikishuka kwa asilimia 20 ya hiyo, kagua kihisio, kisha shingo iliyopinda, presha, oksijeni, wingi wa damu, na kabonidioksidi: mgonjwa akipumulishwa kupita kiasi, gesi hiyo hushuka, na mishipa ya ubongo hujibana.