Eti ukigusa gari tu, waranti ya klachi imekufa?

Utasikia ukishabadilisha chochote, hata rimu, waranti yote kwisha. Sio hivyo. Swali ni je, hicho ulichofunga ndicho kimeua klachi? Marekani kwa mfano, sheria ya waranti ya 1975 hairuhusu waliokupa waranti wakukatalie kisa tu umefunga kifaa cha kampuni nyingine, lazima waonyeshe kimeleta hiyo shida. Springi za kushusha gari haziunguzi klachi bana. Ila ukituni kompyuta ya injini torki (nguvu ya injini ya kuzungusha) ikazidi uwezo wa klachi, klachi inaanza kuslipu, yaani kuteleza, unakanyaga mafuta mshale wa RPM unapanda spidi iko palepale, na hapo kesi yako ngumu.

Giaboksi ikishushwa ndo ukweli unaonekana. Flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo klachi inalibana) yenye madoa ya bluu na pleti ya klachi iliyokwisha hadi kwenye ribiti, hilo ni joto la kuslipu, na hata gari isiyoguswa inalipata dereva akizoea kuishikilia mlimani kwa klachi. Lakini pleti ikiwa imelowa oili iliyovuja kwenye sili ya krenki (mpira unaozuia oili ya injini isitoke), hilo si kosa lako, bishana nao, na upige picha kabla vyuma havijatupwa. Kurudisha programu ya zamani kimyakimya usijisumbue, kompyuta nyingi zinabaki na alama.