Kobe mdogo wa kufuga: kibali kwanza, ukubwa baadaye

Kila mvua zinapoanza na kobe kuonekana wakikatiza barabara na mashamba, ofisi za wanyamapori nchini Tanzania hupokea swali lilelile: ni aina gani ya kobe mdogo ambaye familia inaweza kumfuga nyumbani kwa ajili ya watoto? Siku hizi swali hilo huchochewa pia na matangazo ya mitandaoni yanayonadi "kobe wadogo wasiokua". Wengi wanaouliza wana nia njema, na ndiyo maana ni vema wakajibiwa kwa ukamilifu kabla hawajatoa fedha.

Kobe asiyekua hayupo. Kobe mwenye madoa ya manjano na meusi, yule anayeonekana zaidi katika nyika zetu, akianguliwa hutosha kiganjani, lakini akikomaa gamba lake hufikia kwa kawaida sentimita 30 hadi 40, uzito wake hupita kilo 10, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Aliyefika kisiwa cha Changuu, Zanzibar, amewaona kobe wa Aldabra, ambao chimbuko lao ni zawadi ya kobe wanne kutoka Shelisheli mwaka 1919. Dume wa aina hiyo huweza kuzidi kilo 200, naye alianza maisha akiwa mdogo kama wale wanaopigwa picha na wauzaji.

Aliye mdogo kweli hapa kwetu ni kobe bapa wa miambani. Urefu wake ni takriban sentimita 17 na unene wake ni sentimita chache tu, gamba lake ni jepesi na hunepa, na badala ya kujikunyata mbele ya adui hukimbia na kujibana ndani ya ufa wa jiwe. Anapatikana Kenya, Tanzania na sehemu ya kaskazini ya Zambia, na jike hutaga kwa kawaida yai moja tu kwa mara moja. Udogo na umbo hilo la ajabu vilimfanya atafutwe na wafugaji wa ng'ambo, na wakusanyaji walizoea kupasua mawe ili kumtoa, jambo linaloangamiza makazi pamoja na mnyama, kwa kuwa ufa uliovunjwa haujirudishi. Mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilimpandisha hadi Kiambatisho cha Kwanza, ambacho hakiruhusu biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Kwa hiyo anayependekeza "kobe wa mawe, maana hachukui nafasi" anapendekeza mmoja wa kobe walio hatarini zaidi barani Afrika.

Sasa suala la sheria, ambalo hupotoshwa kuliko yote. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inahesabu kuwa nyara, yaani mali ya wanyamapori isiyomilikiwa bila kibali, mnyama aliye hai na aliyekufa pia. Mtu akikutwa na kobe bila kibali, mnyama huchukuliwa kuwa kielelezo, ofisa wa wanyamapori huandaa hati ya tathmini inayoonyesha thamani yake, na jalada hupelekwa kwa waendesha mashtaka. Makosa ya kupatikana na nyara za Serikali chini ya kifungu cha 86 hushtakiwa pia kama uhujumu uchumi, hivyo ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka huhitajika kabla kesi haijasikilizwa, na adhabu inaweza kufikia kifungo cha kati ya miaka 20 na 30. Kusema "nimemwokota shambani kwangu" si utetezi: shamba ni lako, kobe si wako. Anayetaka kufuga kwa halali huomba leseni ya shamba au bustani ya wanyamapori, na huthibitisha kwa nyaraka chanzo cha wanyama wake. Risiti ya muuzaji wa mtandaoni si mojawapo ya nyaraka hizo.

Wasomaji walioko Ulaya wana njia nyingine, kwa sababu huko kobe wa Hermann na kobe wa Horsfield, wenye urefu wa takriban sentimita 15 hadi 20, huzalishwa na wafugaji. Katika Umoja wa Ulaya, kobe wa Hermann hauzwi bila cheti, na asiye na cheti aachwe dukani. Wote wawili hulala usingizi wa majira ya baridi, kwa hiyo si wa kununuliwa wakati wa likizo na kuletwa Dar es Salaam. Kumvusha mpaka ni suala jingine la vibali.

Kuhusu matunzo, mwanga ndio husahaulika. Kobe anayefungiwa ndani bila jua wala taa ya mionzi ya UVB hashindwi kula. Hushindwa kutumia kalsiamu aliyokula, mifupa hulegea na gamba huharibika umbo. Ugali, wali, mkate na maziwa si chakula chake. Majani na nyasi zenye nyuzinyuzi ndiyo msingi, na mchicha usiwe wa kila siku kwa sababu oksalati zake hufunga kalsiamu. Gamba lina mifupa na mishipa ya fahamu. Kulitoboa ili kupitisha kamba ni kumjeruhi mnyama, na sielewi kwa nini jambo hili bado linahitaji kuelezwa. Kobe mwenye afya anaweza kubeba bakteria wa salmonela, hivyo watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomshika.

Aliye na kobe nyumbani sasa hivi asimwachilie kwenye kichaka cha karibu, kwa kuwa anaweza kupeleka magonjwa kwa kobe wa porini au kuachwa mahali pasipofaa aina yake. Atoe taarifa kwanza kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, aeleze alipompata na lini, kisha afuate maelekezo ya makabidhiano. Akiambiwa amlete, amweke kwenye boksi la karatasi ngumu lenye matundu na nyasi kavu chini, bila maji ndani, na asimgeuze chali njiani.