Kipimo sanifu cha matumizi ya mafuta na moshi wa gari: maana yake

Toyota Prius ya kizazi cha tatu ilipoingia sokoni mwaka 2009, wanunuzi wa Japani waliambiwa kwamba toleo lake jepesi hutembea kilomita 38 kwa lita moja ya petroli, na papo hapo wakatajiwa namba ya pili, kilomita 32.6. Barani Ulaya gari hilo lilitangazwa kuwa linatumia lita 3.9 kwa kila kilomita 100, yaani kilomita 25 na ushei kwa lita, na nchini Marekani likaandikiwa maili 50 kwa galoni, ambazo ni kama kilomita 21 kwa lita. Ni kweli kwamba matoleo ya masoko hayo yalitofautiana kidogo kwa uzito na matairi, lakini tofauti hizo ni ndogo mno kuweza kueleza pengo linalokaribia nusu. Namba zote nne zilikuwa halali, kwa kuwa kila moja ilitokana na kipimo sanifu chake.

Kipimo sanifu ni jaribio linalofanywa kwa utaratibu uliowekwa na sheria, ili kila gari jipya lipitie masharti yaleyale ya joto, mwendo na muda, na hivyo liweze kulinganishwa na jingine. Gari hufungwa ndani ya maabara juu ya dainamomita, mtambo wenye magogo ya chuma ambayo magurudumu huyazungusha huku gari lenyewe limesimama palepale. Magogo hayo hukazwa kwa nguvu inayoiga uzito wa gari pamoja na ukinzani wa upepo na matairi. Mbele ya dereva kuna skrini yenye mstari unaomwonyesha, sekunde kwa sekunde, ni wakati gani aondoke, aongeze mwendo, afunge breki au asimame kana kwamba yuko kwenye taa za barabarani. Mstari huo ndio mzunguko wa majaribio, na namba atakayosomewa mnunuzi hutegemea sana umbo lake.

Wengi hudhani kwamba mafuta hupimwa kwa kuangalia kilichopungua kwenye tangi. Kwa kawaida sivyo. Moshi unaotoka kwenye ekzosi hukusanywa na kuchanganywa na hewa safi, kisha sampuli yake huingizwa katika mifuko maalumu na kuchambuliwa. Kaboni iliyomo katika moshi imetoka kwenye mafuta, kwa hiyo anayejua kiasi cha kaboni iliyotoka anaweza kukokotoa mafuta yaliyoungua. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Prius ile iliandikiwa Ulaya gramu 89 za hewa ukaa kwa kilomita. Ukizidisha kwa kilomita 100 unapata kilo 8.9, na ukigawanya kwa 2.3 unarudi kwenye zile lita 3.9. Oksidi za nitrojeni, ambazo ni gesi chafu zilizomo katika moshi, na chembechembe za masizi hazifuati hesabu hiyo, kwa sababu zinategemea jinsi mafuta yanavyoungua na jinsi moshi unavyosafishwa kabla ya kutoka nje, na ndiyo maana kila moja hupimwa peke yake.

Turudi sasa kwenye mizunguko. Kilomita 38 za Prius zilitokana na mzunguko wa Kijapani uitwao 10-15, ulioanza kutumika mwaka 1991. Ulidumu sekunde 660, mwendo wake haukuzidi kilomita 70 kwa saa, na injini iliuanza ikiwa tayari imepata moto. Mrithi wake, JC08, ndiye aliyetoa 32.6: aliongeza muda hadi sekunde 1,204, akapandisha mwendo hadi kufikia kilomita 82 hivi, na akadai sehemu ya jaribio ianze na injini baridi, ambayo hunywa mafuta zaidi. Mzunguko wa Ulaya wa wakati huo, NEDC, ulichukua sekunde 1,180 na kilomita 11. Sehemu yake ya mjini ilitungwa mwaka 1970, na ndani yake kuna mahali ambapo gari linapewa sekunde 26 kutoka kusimama hadi kilomita 50 kwa saa. Dereva wa daladala angeiona hiyo kuwa dhihaka.

Kanuni za NEDC zilikuwa na mianya, na watengenezaji walijifunza kuitumia bila kuvunja sheria: betri ilijazwa chaji kabla ya jaribio, matairi yakachaguliwa yale yenye ukinzani mdogo, vifaa vya ziada vikaachwa nje. Kwa mujibu wa taasisi ya utafiti ya ICCT, pengo kati ya hewa ukaa ya maabarani na ya barabarani barani Ulaya lilikuwa chini ya asilimia 10 mwaka 2001, na kufikia 2015 lilikuwa takriban asilimia 40.

Wengine walivuka mpaka. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka katika magari ya dizeli programu iliyotambua, kwa dalili kama vile mkao wa usukani, kuwa gari limo kwenye jaribio, na kusafisha moshi kikamilifu wakati huo tu. Nje ya maabara oksidi za nitrojeni zilifika hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa, na kampuni yenyewe ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo.

Kipimo kipya, WLTP, kilikuwa kikiandaliwa chini ya Umoja wa Mataifa kabla ya kashfa hiyo, na Ulaya ilianza kukitumia Septemba 2017 kwa aina mpya za magari. Mzunguko wake unadumu sekunde 1,800, unapita kilomita 23 na kufika mwendo wa kilomita 131 kwa saa. Pamoja nacho likaja jaribio la barabarani, ambalo gari hubeba mtambo wa kupimia moshi nyuma yake na kuendeshwa mjini, nje ya mji na kwenye barabara kuu. Japani nayo ilihamia WLTP mwaka 2018, ila iliiacha ile awamu ya mwendo wa kasi zaidi.

Kwa hiyo anayetafuta gari lililotumika la Kijapani, liwe limeshushwa Mombasa au Dar es Salaam, na akakuta limeandikiwa kilomita 20 kwa lita, aulize kwanza ni 20 za mzunguko upi. Gari lenye 20 za 10-15 linaweza kunywa mafuta mengi kuliko lenye 18 za JC08. Tena namba hiyo ilipatikana gari likiwa jipya. Ukaguzi wa moshi unaofanywa kabla gari halijapakiwa melini ni jambo jingine: huangalia kama moshi umevuka kiwango kilichowekwa, wala hausemi lolote kuhusu lita.