Vijana na vyanzo vya maji: tunayoyaamini na yalivyo

Nimetembea na vijana kandokando ya mito inayoshuka milima ya Uluguru kwa muda wa kutosha kuyasikia maneno yale yale yakirudiwa, ofisini na hata kijiweni. Mengi yanasemwa kwa nia njema. Lakini yanatugharimu, maana maji ya milima hii ndiyo yanayoulisha mto Ruvu, na Dar es Salaam inautegemea Ruvu. Mwishoni mwa mwaka 2022 mto ulipopungua, jiji zima lilipewa maji kwa mgao.

"Kazi ya vijana ni kupanda miti"

Gari linafika, fulana zinagawiwa, mashimo yameshachimbwa, kiongozi anashika mche wa kwanza na picha zinapigwa. Rudi pale mwezi wa nane: utakuta vijiti vikavu. Mche uliopandwa masika unataka mtu wa kuupalilia, kuuwekea matandazo, kuuzungushia miiba mbuzi wasiufikie, na kuumwagilia kiangazi chote cha kwanza. Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo hakuna aliyepangwa wala bajeti iliyotengwa. Halafu tunasema vijana hawana uvumilivu.

"Mti wowote ukipandwa kwenye chanzo unaleta maji"

Siyo mti wowote. Mkaratusi hukua haraka na hunywa maji mengi. Kwa nguzo na mbao una faida yake, lakini upandwe mbali na chemchemi. Wazee wa sehemu nyingi waliuacha mkuyu usimame penye maji, na hawakukosea. Mizizi yake hushika kingo, kivuli chake hupooza maji, na matunda yake hulisha ndege, popo na nyani. Kwangu mimi, kijana mmoja anayeweza kutofautisha mche wa mkuyu na wa mkaratusi kitaluni ana thamani kuliko kumi waliovalishwa fulana.

"Kupima maji ni kazi ya maabara"

Hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi, kwa sababu inawanyima watoto jambo wanaloliweza kabisa. Vifaa ni chujio la jikoni na beseni jeupe. Binti wa darasa la sita anaingia mtoni, maji yanamfika magotini. Analiweka chujio upande maji yanakoelekea, anageuza jiwe na kulisugua chini kwa vidole, kisha anakung'utia kila kitu kwenye beseni. Mwanzoni unaona mchanga na majani yaliyooza. Subiri kidogo. Jani moja linatembea. Kumbe ni mtoto wa kereng'ende, rangi ya tope, ambaye bado hajaota mabawa. Pembeni yake kuna mdudu bapa mwenye mikia mitatu myembamba kama nyuzi, anakimbia kila kivuli cha mkono kinapopita.

Huyo wa mikia mitatu ndiye shahidi. Anapumua ndani ya maji, na penye uchafu mwingi na hewa kidogo hawezi kuishi. Shuka hadi chini ya makazi, penye maji ya sabuni na taka, rudia kazi ile ile, na mara nyingi beseni litajaa minyoo myekundu tu. Binti haambiwi na mtu kwamba mto umeugua, amejionea. Afrika Kusini wameigeuza elimu hii kuwa kipimo kinachoitwa miniSASS: kila kundi la wadudu lina alama, wastani wa alama unaeleza hali ya mto, na wanafunzi wa shule wanakitumia.

Lakini wadudu hawa hawatakuambia kama maji yanafaa kunywewa. Vijidudu vya kuhara havionekani kwa macho, na maji maangavu yanaweza kuvibeba. Hapo maabara inahitajika, na nyumbani maji yachemshwe.

"Bioanuwai ni wanyama wa mbugani"

Bioanuwai ni aina zote za viumbe hai, hata vile vidogo kabisa. Kuna chura ambaye hafiki sentimita tatu. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, alipokuwa akiishi ndani ya manyunyu ya maporomoko na si kwingine kokote duniani. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ikageuzwa njia na manyunyu yakakauka. Ikafungwa mitambo ya kunyunyizia maji, lakini idadi ya vyura ikaporomoka, na ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu ukagunduliwa kati yao. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Wazao wa vyura waliokuwa wamepelekwa Marekani, bustani za wanyama za Bronx na Toledo, ndio walioanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Kijana anayekijua kisa hiki hatauliza tena maji yana uhusiano gani na viumbe.

"Vijana ndio waharibifu wenyewe"

Wapo wanaolima mchicha na kufyatua matofali ukingoni, ndani ya mita 60 ambazo sheria inazikataza. Ila tuulize kwa nini wako pale. Kijana asiyerithi shamba hukodi au huazima kipande cha bondeni kwa kuwa ndicho chenye maji kiangazi. Ukimfukuza bila kumpa njia nyingine, atarudi usiku na jembe lake. Kitalu cha miche ya asili au mizinga ya nyuki vinampa sababu ya kuutaka msitu uwepo.

"Mtoto hana sauti kwenye mambo haya"

Ibara ya 27 ya Katiba ya Tanzania inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda mali asilia, na haikutaja umri. Akifikisha miaka 18, mkazi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji chake, unaotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Daftari la shule lenye tarehe, mahali na wadudu waliopatikana mwezi baada ya mwezi linaweza kusomwa pale, mbele ya mwenye shamba la ukingoni na mwenye mifugo. Ila ombi lipelekwe kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji mapema, kabla ajenda hazijapangwa.